Mama anakuja Toronto mwezi wa sita, na mwenzangu hataki kuhama nyumba yetu

BARUA

Shikamoo mshauri,

Mi ni mtu wa Kisauni, Mombasa, nina miaka 36, naishi Toronto na kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, mara nyingi shifti za usiku. Naandika saa hii nimetoka kazini na usingizi hauji kabisa manake hii kitu imenikaa kifuani tangu mwezi uliopita.

Naishi na mwanamume mwenzangu. Ndo mpenzi wangu, huu mwaka wa sita, tunakaa apatimenti ya chumba kimoja cha kulala huku Scarborough. Yeye amezaliwa hapahapa, wazazi wake walitoka Trinidad. Ni mtu mpole, anajua kupika kunishinda, nikitoka kazini asubuhi nakuta chai kwenye chupa na yeye ashaenda kazini kwake, hivo ndo maisha yetu, hakuna maajabu. Mamake ananipenda, kila mwaka hutembea kwenye paredi ya Pride, ile sherehe ya mashoga na wasagaji, pamoja na wale wazazi wa Pflag, kikundi cha wazazi wanaosimama na watoto wao kama sisi, amebeba bango la mwanawe. Lakini haikuwa hivo tangu zamani, mwenzangu ashawahi kunihadithia kuwa kuna miaka mamake hakuwa anasema naye kabisa.

Sasa mamangu. Mamangu ni mjane, baba alifariki nikiwa sekondari, akatulea kwa mahamri na kwa usomo. Mamangu ni somo, harusi ikitajwa kwetu anaitwa yeye kumfunda biarusi, anaingia chumbani na msichana wa watu na anatoka huko ameshamfundisha kuishi na mtu. Mi ndo nalipa kodi ya nyumba yake na nimemsomesha mdogo wangu wa kike mpaka akamaliza chuo. Sisemi hivyo kujisifu, nasema ujue nyumba ile inasimama juu ya nini.

Kwa miaka nimemwombea mama viza na mwaka huu imetoka. Alipiga vigelegele kwenye simu mpaka majirani wakaingia ndani kuuliza kuna nini. Anafika mwanzo wa mwezi wa sita na anasema atakaa miezi sita yote, kashaanza kuniuliza anibebee nini, viungo vya pilau, dagaa, ama achari ya maembe.

Mi kwa furaha ile ile na woga ule ule nikamwambia mwenzangu, si ungeenda ukae kwa mamako Brampton hiyo miezi mama akiwa hapa? Alinyamaza, akaenda kuosha vyombo. Aliporudi akaniambia, mamako karibu sana, nitampikia, nitampeleka hospitali akiumwa, lakini siwezi kufutwa kwenye nyumba ninayolipa nusu ya kodi. Halafu akaongeza jambo la pili, kwamba mwaka huu anataka tutembee sote wawili kwenye paredi tukiwa na mamake, tusimame upande mmoja kwa mara ya kwanza.

Mshauri, mi Pride naipenda. Mwaka wa kwanza nilipoenda Church Street nikakuta barabara imefungwa magari na watu wamejaa, nikasogea mpaka kule Blockorama kwenye sherehe ya watu weusi, muziki wa soca unalia, naona wanaume kama mimi, rangi yangu, wengine mpaka lafudhi kama yangu, wamekumbatiana mchana kweupe na hakuna anayewatupia jicho. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikalia. Tangu hapo kila mwaka nakwenda lakini nasimama pembeni na kofia na miwani, manake Waswahili wa Mombasa wako Toronto hii, picha moja tu ikiingia kwenye grupu ya WhatsApp ya mtaa basi kabla sijafika nyumbani mama ashaulizwa.

Na mama ana msimamo wake. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu Nairobi iliposema lile shirika la kutetea watu kama sisi lisinyimwe usajili, kwetu ilikuwa gumzo la kila baraza, mwezi wa tisa watu wakaandamana mjini Mombasa baada ya swala ya Ijumaa. Mama alinipigia usiku akaniambia, mwanangu shukuru uko mbali na mambo haya. Nikamjibu naam mama. Sikulala.

Lakini tena kuna hili. Mama anamjua mwenzangu kwa simu ya video, anamwita rafiki yako. Kamfundisha kusema shikamoo. Mwaka jana kulikuwa na mtu anakuja huku, mama akatuma vikoi viwili vya rangi moja, akasema kimoja changu kimoja cha rafiki yako. Mi nilivikunja nikaviweka kabatini sijui nifikirie nini.

Dadangu anajua, aliniuliza mwenyewe na sikuweza kumdanganya. Amesema atanisimamia lakini nisimfanye yeye mtu wa kumdanganya mama kila siku.

Nifanye nini? Nimwambie mama kabla hajapanda ndege? Nimwache aje nijifiche ndani ya nyumba yangu? Nimsukume mwenzangu aondoke na labda asirudi? Na hiyo paredi niifanyeje?

Mtu wa Kisauni, Toronto


JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole na shifti za usiku.

Nimeisoma barua yako taratibu, na nitakwambia kwanza nilichokisikia ili kama nimekosea unirekebishe. Una mama uliyempigania viza kwa miaka na unamtaka kwako kwa moyo wote. Una mtu unayeishi naye ambaye hajamkataa mama yako hata kidogo, alichokataa ni kuondolewa. Na mwezi wa sita hawa wawili wanakutana kwenye nyumba ya chumba kimoja cha kulala, mwezi ambao mji mzima mnaoishi unatundika bendera za upinde wa mvua hadi kwenye madirisha ya benki. Hata ukimfungia mama ndani, Pride ataiona kutoka kwenye basi. Kwa hiyo mazungumzo ya aina fulani yatakuja, utake usitake, mama ataona na atauliza, au ataona na atanyamaza.

Nianze na mwenzako manake naona kwenye barua umempitia haraka. Ulimwambia aende kwa mamake kama mtu anayepanga vitanda tu, lakini fikiria yeye alisikia nini. Huyu kakulia mji ambao watu wake walidai nafasi yao kwa shida. Usiku wa tarehe 5 Februari 1981 polisi wa Toronto walivamia nyumba nne za kuogea zilizokuwa zikitumiwa na mashoga, wakakamata karibu watu 300, na watu wakajaa barabarani kesho yake wakiwa na hasira, na kiangazi cha mwaka uleule ndo ikafanyika Pride iliyozaa hii unayoijua. Ndoa zao zilianza kutambuliwa Ontario mwezi wa sita 2003, na Kanada nzima mwaka 2005. Yeye alikuwa mtoto, akakua akijua kwamba mtu akisema "ondoka kidogo wasikuone" kuna kitu kikubwa kinachukuliwa. Na juu ya hilo ana kidonda cha mama yake mwenyewe aliyemnyamazia miaka. Ulipomwambia aondoke kwa ajili ya mama, mama yupi alimjia kichwani?

Lakini na yeye kuna kitu pengine hajakielewa, na hapa nakuuliza, umewahi kumweleza? Sio kwamba unaogopa, hilo analiona. Namaanisha kumweleza kwa urefu. Kwamba Kenya kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu, kile kinachotumiwa dhidi ya mapenzi ya wanaume kwa wanaume, bado kipo na adhabu yake inafika miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta tarehe 24 Mei 2019, watu wengine wakilia ndani ya mahakama na wengine nje wakishangilia. Sheria hiyo haikufikii ulipo. Ila mamako na dadako wanaishi Kisauni na picha yako ikifika watakaosimama mlangoni kujibu ni wao, sio wewe. Wewe na mwenzako mkitembea barabara moja ya Yonge, inakopita paredi, bado gharama ya hatua zenu hailingani. Yeye akipigwa picha, mamake ataiweka kwenye fremu. Mtu anaweza kuishi na wewe miaka sita bila kulishika hili vizuri kwa sababu tu hukuwahi kukaa ukamwambia na vitu vyote, majina ya wajomba, mtaa, kodi ya nyumba, ile simu ya mama usiku ule. Mwambie. Pengine bado atasema hahami, na atakuwa na haki, lakini mtakuwa mnaongea kitu kimoja.

Sasa mama. Unamwandika kama mtu asiyejua lolote. Mi siko kwenye moyo wake na sitaki kukupa tumaini la uongo, lakini mtu ambaye kazi yake ni kuingia vyumbani na kufunda watu namna ya kuishi pamoja, akiona kwenye video mwanawe wa miaka 36 anaishi na mtu mmoja yuleyule mwaka wa sita, mtu huyo anajua chai inapikwa saa ngapi, halafu anatuma vikoi viwili vya rangi moja, mimi nisingeapa kwamba hajui. Inawezekana anajua. Inawezekana anahisi na amechagua asiulize, manake akiulizwa na shangazi zako awe na jibu safi, sijaambiwa kitu. Mama zetu wengi wanaishi hivyo na wanao, kwa miaka, na sio unafiki, ni njia yao ya kumweka mtoto ndani bila kulazimika kumtoa mbele za watu. Na inawezekana pia kikoi ni kikoi tu, ukarimu wa Kimvita kwa rafiki wa mwanawe. Kwa hiyo usikichukue kama ruhusa, ila usiendelee pia kujenga kila mpango juu ya imani kwamba yeye ni kipofu. Na ile kauli yake ya 2023, shukuru uko mbali, umeisikia kama hukumu. Mimi nikiisoma nasikia pia woga wa mama. Sijui ni lipi, wewe sauti yake uliisikia, rudi uikumbuke vizuri.

Kumwambia kabla ya safari kuna uzuri mmoja mkubwa, anapata habari akiwa kwao. Ana chumba chake, mswala wake, dadako yuko karibu, akitaka kulia atalia na mtu, akitaka kukukasirikia wiki mbili asikupokee simu anaweza. Na anabaki na uhuru wa kuamua aje au asije. Ubaya wake unaujua: anaweza asije, na ile viza ya miaka ikabaki kwenye pasipoti. Anaweza kumweleza mjomba kwa uchungu na mjomba asiwe na kifua. Ukimwambia akiwa Toronto, anakuona uso kwa uso, anamwona mwenzako anavyomshika mkono kwenye ngazi, na mengi yanayosemwa kwa simu hayasemeki mtu akiwa mbele yako. Ila mfikirie pia, mama wa miaka hiyo kwenye ghorofa ya Scarborough, hajui basi linakwenda wapi, hana jirani wa kumbishia hodi, funguo ni zako, pesa ni zako, tiketi ni yako, na habari nzito imemwangukia humo. Hana pa kutokea. Kama utachagua njia hiyo basi mnunulie tiketi inayobadilishika tarehe, na utafute mapema nyumba ya mtu mzima anayemheshimu, hata kama ni mji mwingine, pa kwenda kulala siku mbili tatu bila maelezo mengi.

Njia ya tatu ni kutomwambia kwa maneno na pia kutomdanganya. Nataka uitofautishe na kujificha. Mama akifika anapewa chumba cha kulala, ndivyo ilivyo kwetu mgeni mkubwa akija, na nyinyi wawili mnalala sebuleni kwenye kitanda cha sofa na magodoro. Hakuna mtu wa Mombasa atakayeshangaa. Picha zenu ukutani zinabaki. Ukiulizwa huyu ni nani, unasema huyu ndiye ninayeishi naye na nyumba hii ni yetu wote wawili, na hapo unaishia, yeye ataamua kama anataka kuuliza swali linalofuata. Akiliuliza, unajibu ukweli. Hii inamtaka mwenzako avumilie mengi, kutoshikana mikono ndani ya nyumba yake, kuitwa rafiki mezani, na ni lazima awe ameikubali mwenyewe kwa muda unaojulikana, sio kuingizwa humo kwa aibu. Na wewe pia inakuchosha. Mtu anaweza kuibeba hiyo kwa wiki kadhaa. Kwa nusu mwaka mi naogopa kwa ajili yenu.

Ndo maana hiyo miezi sita imenishtua kuliko paredi. Miezi sita ndo muda ambao mgeni kwa kawaida huruhusiwa kukaa Kanada, sio muda ambao mgeni analazimika kukaa. Hata nyumba isiyo na siri yoyote, watu wazima watatu kwenye chumba kimoja, wewe unalala mchana kwa sababu ya shifti, mama anataka kupika saa tano asubuhi na redio, si rahisi. Tena hana bima ya afya ya Ontario, mgeni analipiwa bima ya kutembea na kadiri anavyokaa ndo gharama inapanda. Mwezi mmoja kwanza, au wiki sita, halafu arudi tena mwaka ujao kama viza yake inaruhusu, ni jambo unaloweza kumweleza bila kusema uongo wowote. Unaweza pia kusogeza tarehe afike Julai, Pride ikiwa imepita. Hilo halitibu shina la jambo, lakini linawapa nyinyi wawili pumzi ya kuongea bila ile Jumapili ya mwisho ya Juni kuwakimbiza.

Na kuhusu hiyo Jumapili. Paredi ni hadharani, kamera ziko kila kona, za televisheni na za simu, ukiingia katikati ya Yonge Street hakuna wa kukuahidi kwamba picha haitatoka. Kwa hiyo swali la kutembea lisitangulie swali la mama, lifuate. Mama akisikia kutoka kwa statasi ya mtu kabla hajasikia kutoka kwako, hapo kitakachomuuma ni vitu viwili badala ya kimoja. Lakini muulize mwenzako anachokitaka hasa ni nini. Je, ni kutembea, au ni kuwa mara moja mwaka huu asisimame peke yake na mamake huku wewe uko pembeni na miwani? Maana kama ni hilo la pili zipo namna nyingine. Kuna kula chakula cha jioni nyumbani kwa mamake siku hiyo, nyote, na watu wenu mnaowaamini. Kuna kule Blockorama ambako mnaweza kusimama pamoja, ingawa nako simu zipo. Na kama atasema hapana, ni paredi na si kingine, basi umsikie na umwambie lini unadhani utaweza, au kama hujui useme hujui. Ahadi ya kumtuliza tu itawarudia.

Kuna kitu hukukitaja na mi sitaki kukisukuma, ni imani. Umesema swala ya Ijumaa, umesema mama. Wewe mwenyewe umesimama wapi? Toronto kuna Unity Mosque, tangu mwaka 2009, wanaswali pamoja wanaume na wanawake na watu kama wewe wanakaribishwa bila kuulizwa. Mmoja wa walioianzisha ni El-Farouk Khaki, mwanasheria wa wakimbizi aliyezaliwa Tanzania, huyohuyo ndiye aliyeanzisha Salaam, kikundi cha Waislamu wapenzi wa jinsia moja, huko nyuma mwaka 1991. Sikwambii uende ukabadilishwe mawazo. Nakwambia kuna watu humo ambao wameshakaa na mama zao kwenye mazungumzo haya, kwa lugha ya dini ileile ambayo mama yako atakuja nayo, na watakusimulia yaliyokwenda vizuri na yaliyovunjika. Pale The 519, kituo cha jamii cha watu kama nyinyi kilichoko Church Street, nako wapo washauri, na wamezoea watu wanaotoka nchi zetu. Mimi nasoma barua, wao watakuona uso.

Kuhusu dadako, heshimu alichokuomba. Usimtume yeye akusemee kwa mama, isipokuwa yeye mwenyewe akijitolea. Ila mjulishe tarehe, ukiamua kupiga simu ile, awe ndani ya nyumba, na maji ya chai yawe jikoni. Na pesa, mdogo wangu, hili nalo liseme wazi moyoni mwako kabla hujamwambia mtu yeyote: utaendelea kulipa ile kodi hata mama akikasirika? Naamini ndiyo, nimeliona kwenye namna unavyoandika. Basi mama alijue hilo mapema, asije akadhani amenyamaza kwa sababu ya kodi, na wewe usije ukadhani amekukubali kwa sababu hiyohiyo.

Kabla ya yote hayo tafuta usiku ambao huna shifti, ukae na mwenzako, mzime simu, umwambie habari za Kisauni kuanzia mwanzo na umwombe naye akuhadithie ile miaka ya mamake, nini kilimfanya mama yule aanze tena kusema naye, nani aliingilia kati, ilichukua muda gani. Hata mamake mwenyewe muulizeni, yuko Brampton, si mbali, na ni mama aliyewahi kukaa upande ule ambao mama yako huenda akakaa. Siku moja huenda ndiye mtu pekee katika mji huo mama yako atakayetaka kuongea naye. Halafu niandikie, hata kama mtakachoamua ni tofauti kabisa na haya niliyoyasema.